Nyasi za Upande wa Wanawake

Watu walikuwa wakiniambia kazi yangu ni ya baraka, nami nasaga meno. Kazi ya kushauri! Kanisa letu la Bugene lilinipa kazi hiyo miaka ile ya baada ya vita, mume wangu mwalimu alipokwisha kufariki, kwa sababu nilijua kusoma na watu wazima waliniita mama. Mke akimkimbia mumewe akarudi kwa baba yake, niliitwa mimi. Niliketi naye ndani, upande wa wanawake, juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, nikamshauri. Wanaume walikaa nje wakingoja nimalize.

Sikuitwa kumsikiliza. Niliitwa kumrudisha. Akirudi kwa mumewe, mimi ni mshauri hodari. Asiporudi, nimeanza kuzeeka. Na maneno ya kusema nilipewa tangu mwanzo: avumilie, amjibu mume kwa upole, aamke kabla yake, asitoe habari za nyumba yake kwa jirani. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniambia, mama, leo mshauri mwanamume. Utadhani wao walizaliwa wamekwisha kushauriwa.

Siku moja mzee wa kanisa alinipitia twende kwa mkulima mmoja wa kahawa, ambaye binti yake alikuwa amerudi nyumbani kutoka Rugera alikoolewa. Tulimkuta mume amekwisha kufika na kibuyu kikubwa cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mzee wa kanisa akajifanya hakioni. Baba wa binti alikuwa ameshakunywa. Kwetu baba mkwe akinywa pombe ya mtu aliyekuja kuomba radhi, ugomvi umekwisha, hata kama aliyepigwa bado analia huko ndani.

"Mama mwalimu, ingia tu umpe maneno mawili matatu," mzee wa kanisa aliniambia. "Jua lisituchwee hapa."

Binti alikuwa ameketi kando ya kifurushi cha nguo zake. Mama yake alikuwa amekwisha kukifunga. Aliniamkia shikamoo, nikaitika, nikaketi karibu naye na kumuuliza habari za Rugera. Hakugeuza hata kichwa. Nikauliza tena. Ndipo mama yake akaniambia nihamie upande wa pili, maana sikio lile halisikii tangu alipopigwa.

Nilihama kwa hasira. Nikamuuliza kama anataka kurudi.

"Mama, nikirudi ataliua na hili lililobaki," alisema. "Lakini baba ameshakunywa."

Nilisimama mlangoni nikamwita mume aje ndani. Alicheka, akidhani na mimi nataka rubisi. Mzee wa kanisa akakunja uso. "Huko si mahali pa mwanamume," alisema.

"Leo ni pake," nikamjibu.

Akaingia, kwa kuwa mbele ya baba mkwe hakutaka kuonekana mkaidi. Nilimketisha pale pale kwenye nyasi, miguu imekunjwa namna tunavyoketi sisi, mkewe akimtazama. Kisha nikampa maneno yangu ya siku zote.

"Mwanangu, vumilia. Mkeo akikasirika, mjibu kwa upole. Amka kabla yake. Akikupiga, usiende kusema kwa jirani. Piga goti umuulize umemkosea nini."

Hakuvumilia hata kidogo. Aliruka kama aliyeketi juu ya siafu, nyasi zimemganda kwenye kanzu. "Mama, unanitukana? Hayo ni maneno ya kumwambia mtu mzima?"

"Ndiyo niliyotumwa kumwambia mkeo."

Akatoka nje akipiga kelele kwamba nimemfanya mwanamke mbele ya wakwe. Mzee wa kanisa aliniambia kutoka mlangoni kwamba kazi ya kushauri nimeiacha tangu saa ile. Nikamwambia amtafute mwanamume aifanye, tena ashauriwe yeye kwanza. Nilisema kwa sauti, na baba wa binti akasikia, akainamisha kichwa juu ya kibuyu chake. Sikumwonea huruma, na hata leo simwonei.

Niliporudi ndani binti alikuwa amekivuta kifurushi mapajani. Alikuwa anahangaika na fundo. Mama yake, ambaye muda wote ule alikuwa hajanitetea wala kunipinga, alitazama mlangoni walikosimama wanaume, akapaza sauti ili wamsikie: "Mwanangu, ngoja nikwambie la mwisho." Akainama akamnong'oneza kwa muda mrefu, kama mama yeyote anayemwasa binti yake arudi kwa mumewe.

Alimnong'oneza kwenye sikio lile lililokufa. Binti akaendelea kufungua fundo.