Mpaka Sponji Ishuke

Shuleni walimwita Kiroboto, na jina halikumwonea. Msichana yule hakujua kukaa. Mwalimu akigeukia ubao, Kiroboto yuko dirishani. Akigeuka tena, Kiroboto yuko chini ya dawati anakaza mguu wake uliolegea. Dawati lilipona, masomo yakafa. Siku ya mtihani wa mwisho aliyapitia maswali juu juu, akajibu machache aliyoyajua, akanyoosha mkono kuomba kwenda nje. Kwa maoni yangu aliomba kwa adabu kabisa. Matokeo yalipotoka, jina lake halikuwepo mahali ambapo mzazi angependa kulikuta.

Mama yake hakulia mbele yake. Alikwenda kulia jikoni, na alipoulizwa akasema ni vitunguu, ingawa jioni ile walikunywa chai na mkate mkavu. Alikuwa mpiga pasi, anasimama kutwa nyuma ya meza akinyoosha mashati ya watu. Jioni anarudi nyumbani kwenye kiti kimoja cha maana walichokuwa nacho, kile cha mikono miwili kilichobonyea katikati kama sahani ya supu. Alikuwa amejifunza kukaa pembeni kabisa, nusu kitini nusu hewani, na alidai kwamba ameshazoea.

Wakaanza kutafuta. Dukani walitaka cheti. Kiwandani walitaka cheti. Walipokwenda kwenye chuo cha ufundi, huko nako wakaambiwa cheti kwanza. Yaani ili usomee cheti lazima uje na cheti, na mimi mpaka leo najiuliza yule mwanafunzi wa kwanza kabisa alikitoa wapi. Kwenye hoteli moja hawakuuliza cheti, walisema tu akae pale asubiri kuitwa. Kiroboto alisubiri kwa kuzunguka jengo zima, na aliporudi walikuwa wamemwita wee mpaka wamechoka, nafasi imeshapewa mwingine.

"Mwanangu," Mama alimwambia walipokuwa wanarudi, "hivi hapo chini una moto?"

"Sijui, Mama. Nikikaa naona kama kuna kitu kinanipita."

Siku moja Mama alikuwa anapeleka mashati kwa mteja, akapita mbele ya karakana ya fundi makochi. Alimkuta Fundi amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa nguo zote, mdomo umejaa misumari. Mtu huyu alitunza misumari mdomoni ili mikono iwe huru, na kwa sababu hiyo alikuwa na sifa ya kuwa mkimya. Mama aliyaacha mashati kwa mteja, akarudi mbio, akamshika binti yake mkono, akamburuta hadi pale.

"Shikamoo, Fundi. Nimekuletea binti yangu afunzwe kazi. Hana cheti." Alilitoa hilo mwanzoni kabisa, maana alikuwa amechoka kulificha.

Fundi aliitema misumari kiganjani. "Marahaba. Sijauliza hana nini. Ana nini?"

Mama akababaika. "Ana mikono, Fundi. Ila hatulii."

"Mikono tutaiona. Kutulia atafundishwa na makochi." Akamtazama Kiroboto, ambaye wakati huo alikuwa ameshaanza kuokota vipande vya sponji sakafuni. "Tutaangaliana kwanza. Nikimkubali nitakuja kukaa kwenu. Nisipokuja, usije kuniuliza, tutatiana aibu bure."

Hivyo ndivyo alivyoingia. Na usidhani ilikuwa lelemama. Kuna kung'oa pini kuukuu na vumbi la miaka likikuingia puani, kuna kuvuta mikanda hadi vidole vipate malengelenge, kuna kufunga springi moja moja kwa kamba ili zisikimbiliane. Kiroboto alivipenda vyote. Alikuwa mahali ambapo kuinuka, kuinama na kuzunguka ni kazi, si utundu. Dada wa cherehani, aliyeshona vitambaa pale kwenye kona, alisema tangu binti aje karakana ina upepo bila feni.

Jambo moja tu lilimshinda, na ndilo Fundi alilolijali kuliko yote. Pale kazi haikutoka mpaka ikaliwe. Kochi likishavalishwa, aliyelitengeneza sharti alikalie, peke yake, mdomo umefungwa, mikono mapajani, mpaka sponji ishuke. Kwa mkono hujui kitu, Fundi alisema. Sponji mpya humdanganya kila mtu, inavimba na kukuchekea. Ukiipa uzito na muda, inashuka taratibu, ndipo springi iliyolegea inapojitaja, msumari uliosahaulika unajitaja, ubao unaolia unalia. "Mteja atakaa miaka," alikuwa akisema, "wewe unashindwaje kukaa mara moja?"

Kiroboto alishindwa. Alikaa huku goti likicheza, na Fundi akigeuka tu, yeye yuko kwenye ufagio.

Ikaja kazi ya daktari wa meno, makochi ya chumba cha kusubiria, ya kijani kibichi. Fundi alimwachia mojawapo alitengeneze tangu mifupa hadi ngozi, akamwazima na mkasi wake mwenyewe. Mkasi ule ulikuwa mzito, mweusi, umelika pale kidole gumba kinapokaa. Aliachiwa na fundi aliyemfundisha, naye hakuwa na mazoea ya kuuazima. Dada wa cherehani alipoona hivyo alimkonyeza Kiroboto, na mtoto wa watu kichwa kikavimba.

Makochi yalipokamilika, Fundi akaenda kula. "Yakalie," akasema. Kiroboto akayakalia. Kila moja alilipa muda wa kupiga chafya, kisha akaenda kumsaidia Dada kukunja vitambaa. Pikapu ikaja, makochi yakapakiwa, yakaenda.

Jioni Fundi akaanza kutafuta mkasi. Alitafuta mezani, chini ya meza, kwenye magunia, nyuma ya cherehani. Alipofikia hatua ya kupapasa mfuko wa koti ambalo hakuwa amelivaa tangu mvua za mwisho, Kiroboto akaacha kufagia. Alikuwa amekumbuka. Alikata kamba ya springi, akauweka mkasi juu ya springi zenyewe ili afunge fundo kwa mikono miwili, akafunga fundo, akavuta gunia, akaweka sponji, akavalisha kitambaa. Alikuwa ameushona mkasi wa Fundi ndani ya kochi la watu.

Angeweza kunyamaza. Pikapu ilikuwa imewabeba mashahidi wote. Alisimama pale, akafikiria kiti cha nyumbani na Mama anayekaa nusu hewani, akajua kwamba akisema atafukuzwa, na tumaini la Mama litafukuzwa naye. Halafu akamwona Fundi anarudi kutafuta mezani, mahali alipoanzia.

"Fundi, uko kwenye kochi. Ndani."

Fundi alinyooka polepole. "Ulilikalia?"

"Nililikalia... kidogo."

"Kidogo." Hakupaza sauti, na Kiroboto angetoa chochote ili apaze. "Basi kesho nenda ukalikalie vizuri."

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa daktari na mfuko wa nyundo, bisibisi ya kung'olea pini na misumari midogo. Dada wa mapokezi alimsikiliza hadi mwisho, akauma mdomo asicheke, akasema anaweza kutafuta mkasi wake mradi asimwinue mgonjwa aliyekaa. Chumba kilikuwa kimejaa watu walioshika mashavu. Makochi yote ya kijani kibichi, yote sawasawa kama mapacha, na lake hakulitambua.

Akaanza kurukaruka. Akabonyeza hapa, akahamia pale, akasubiri mtu ainuke, akachupa.

"Binti," akasema mama mmoja aliyefungwa leso kidevuni, "hilo jino gani linalokurusha hivyo?"

Chumba kikacheka, kwa uchungu, kila mtu ameshika shavu lake. Kiroboto akaona aibu, na katika kuona aibu akakumbuka mpaka sponji ishuke. Akarudi kochi la kwanza, akakaa. Mikono mapajani. Ilikuwa kama kumeza jiwe. Goti likataka kucheza, akalibana. Sponji ikashuka, springi zikampokea zote sawa, akajua kabisa kwamba si hilo. Akaenda la pili, likashuka, si hilo. Kitu kingine alikigundua hapo, nacho kilimshangaza: hakikuwa kimempita kitu chochote. Alisikia chini yake jinsi kila fundo lilivyofungwa, lipi kafunga Fundi na lipi kafunga yeye.

Likabaki moja, na juu yake alikaa mzee mmoja mwenye shavu lililovimba, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Babu, shikamoo. Naomba unipishe hapo kidogo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sikupishi. Nikisimama hapa nakwenda nyumbani, najijua. Wameshaniita mara mbili najifanya kiziwi."

"Babu, kwani hapo unakaa vizuri?"

Mzee akamtazama kwa mashaka. "Sasa nani kakwambia? Tangu asubuhi kuna kitu kinanichoma kwa chini. Nikadhani ni woga."

Kiroboto alikaa karibu naye, akamweleza yote, mkasi, Fundi, Mama, cheti. Mzee alisikiliza huku akitikisa kichwa, na kila alipotikisa aliguna kwa maumivu.

"Basi, Babu, tufanye hivi. Wewe ingia ukatolewe lako, na mimi huku nalitoa langu. Tukionana tena hakuna kinachotuchoma."

Walipomwita mara ya tatu, mzee alisimama, akajikaza kisabuni, akaingia. Kiroboto akalipindua kochi, akang'oa kitambaa cha chini, akapenyeza mkono kati ya springi, akaukuta mkasi pale alipoulaza. Akaubusu, mimi nisifiche. Kisha akaanza kurudishia misumari kwa nyundo, na hapo ndipo kikazuka kioja. Waliokuwa wakipanda ngazi wakaisikia nyundo. Mwanamume mmoja mwenye miraba minne alisimama mlangoni, akauliza kwa sauti nyembamba, "Kwani siku hizi wanayang'oa kwa nyundo?" Hakungoja jibu, alishika njia. Dada wa mapokezi alimkimbilia hadi barabarani.

Mzee alipotoka na pamba mdomoni, alimkuta Kiroboto amelikalia kochi lake, mikono mapajani, ametulia tuli. Akaketi kando yake, akasikiliza kwa makalio kwa muda mrefu, akainua kidole gumba.

Karakanani, Fundi aliupokea mkasi, akaupangusa kwa aproni yake ya kazi.

"Na baada ya kulifunga?"

"Nililikalia."

"Mpaka?"

"Mpaka ikashuka, Fundi. Na Babu alishuhudia."

Fundi akaweka misumari mdomoni. Kila jioni alimuaga Kiroboto kwa maneno mawili, kesho mapema. Jioni ile hakuyasema. Kiroboto alingoja mlangoni hadi kungoja kukawa aibu, akaenda nyumbani.

Mama alipoelezwa hakugomba. Alisema tu, "Umesema kweli, mwanangu, tutatafuta pengine," halafu akaenda kukata vitunguu ambavyo havikusikika vikikatwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Mchana mlango ukabishwa. Alikuwa Fundi, amevaa shati lililonyooshwa, mdomo hauna msumari hata mmoja, na bila misumari hakujua aufanye nini. Wakamkaribisha. Akatazama chumba, akaona kiti, akaenda moja kwa moja kukikalia.

"Hicho kimebonyea, Fundi!" Mama alipiga kelele, lakini mgeni alikuwa ameshazama. Magoti yalimfika karibu na kidevu. Mama alijishika kichwa kwa aibu. Kiroboto alimzuia kwa mkono, kwa sababu alikuwa ameiona mikono ya Fundi ikienda mapajani.

Wakasimama wote wawili wakimtazama mtu mzima amekaa ndani ya kiti kama yai kwenye kikombe, hasemi, anasikiliza. Nje watu walipita, mtoto wa jirani akalia akanyamaza. Fundi akaegemea kushoto, kitu kikalia kwa ndani. Akaegemea kulia. Hatimaye akasema, "Springi tatu zimekufa. Mikanda yote imeoza. Mbao ni nzima." Akamgeukia Mama. "Unakikaliaje hiki?"

"Pembeni," Mama akasema kwa sauti ndogo. "Nimeshazoea."

Fundi akamnyooshea Kiroboto mkono, naye akamvuta akamtoa shimoni. Alipokwisha kujinyoosha mgongo, akatoa mkasi mweusi mfukoni, akauweka juu ya mkono wa kiti.

"Kesho mapema," akasema. "Njoo na kiti hiki. Utakifanya mwenyewe, mimi sitakigusa. Lakini hiki hutakikalia wewe. Siku kikiisha, Mama atakuja kukikalia, na sisi tutasimama tungoje."

Mama alikuwa amesimama tangu Fundi aingie, na kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine, aliketi hapo hapo sakafuni mbele ya mgeni, akalia waziwazi, bila kutaja kitunguu. Kiroboto akaketi ubavuni pake, akakaa.