Mviringo au Ncha: Windo la Sebit wa Kisugu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kisugu, wa juu penye lami na wa chini penye matope, pamoja na majirani zao wa Namuwongo na wanyama wote wa porini wenye masikio, kwamba Bwana Sebit, fundi wa betri, mjukuu wa askari aliyekuja na jeshi kutoka Sudani, ataingia porini na gobori la babu yake, bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni kama mtoto anayelishwa uji, naye atarudi na pongo, swala wa vichakani, wa kulisha harusi ya binti yake Nabilah. Wenye elimu wanaombwa wamsaidie jambo moja tu: atie risasi ya mviringo, au atie yenye ncha?

Tangazo hili Sebit hakulitoa. Mtaa ulimtolea, baada ya yale aliyoyasema siku ya posa. Siku hiyo wazee wa upande wa bwana harusi walikaa mkekani wakamsifu fahali wao wa kuchinjiwa harusi mpaka chai ikapoa, na Sebit, ambaye ulimi wake hutoka nyumbani kabla yeye hajavaa viatu, akasema kwamba nyama ya harusi itatoka kwenye mtutu wa babu. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mkewe Halimah akaliinamia birika ili uso wake usionekane. Alijua kwamba gobori lile, ingawa lina karatasi zake zote polisi, tangu babu afariki halijapiga kitu isipokuwa hewa ya Idi, tena kwa baruti tupu. Alijua pia kwamba mumewe hajawahi kuua mnyama mkubwa kuliko panya, na panya mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Lakini neno lililotoka mkekani mbele ya wakwe halirudi mdomoni. Pongo akikosekana, Nabilah ataingia nyumba ya watu akiitwa binti wa mwongo, na huko wanawake wa Kinubi wana kumbukumbu ndefu kuliko reli.

Basi Sebit akashika kazi. Madini ya risasi anayo ya kumwaga, ndiyo hayo anayoyatoa kwenye betri zilizokufa. Kalibu ya babu anayo pia, koleo la chuma lenye tundu la duara, linalotoa vidonge kama gololi. Angeyeyusha, angemimina, mambo yangeisha. Ndipo Abdul-Latif, mkwe mtarajiwa, muuza vipuri, alipokuja na zawadi imefungwa kwa leso: kalibu mpya aliyoichongesha gereji, ya risasi ndefu yenye ncha kama kidole cha shahada.

"Baba, zile za duara ni za wazee," akasema kwa adabu. "Hii inaingia kama sindano."

Sasa pima mwenyewe. Akiiacha zawadi, amemtukana mkwe. Akiitumia, amemtukana babu, na babu yuko palepale ukutani, ndani ya fremu, na tarbushi yake, hapepesi jicho.

Akaenda kwa jirani yake Ocen, polisi mstaafu kutoka Gulu. Ocen akamshauri achukue mviringo bila kuuliza, kwa sababu haina mbele wala nyuma, hata mjinga hawezi kuiingiza vibaya.

"Nakwambia hivyo kwa sababu nakujua," akaongeza.

Kesho yake akaja mwalimu wa chuo kutoka Kyambogo kuchaji betri ya gari lake. Sebit akamtupia swali, mwalimu akachuchumaa akachora mavumbini. Akasema yenye ncha ni nzito zaidi, inapasua upepo, inafika mbali, inazama ndani. Sebit akafurahi. Halafu mwalimu akasema hayo yote yanataka mtutu wenye mifuo ndani ya kuizungusha risasi, la sivyo itabiringika hewani kama chupa iliyorushwa na mlevi, na hapo heri ya mviringo. Sebit akahuzunika. Mwisho mwalimu akasema inategemea, akachukua betri yake akaenda. Sebit akachomeka kidole mtutuni kutafuta mifuo. Kikatoka na utando wa buibui.

Hapo angeweza kunyamaza, lakini mtu aliyechanganyikiwa ni kama mwenye upele, hakai bila kujikuna. Akaenda kwa sheikh. Sheikh akamwambia wazi: mnyama aliyekufa kwa kupigwa, kama kwa rungu, haliwi, aliyetobolewa kwa jina la Mungu huliwa. Sebit akauliza, je, kidonge cha duara hupiga au hutoboa? Sheikh akaiviringisha risasi kiganjani, akaikodolea macho kama anayenunua embe. Akasema hii hupiga. Kisha akasema, lakini ikipiga sana, hutoboa. Kisha akasema ile ya ncha hutoboa, ila ikitangulia ubavu, hupiga. Akamwomba muda wa kufikiri. Sebit akarudi nyumbani akiwa na dini pungufu kuliko aliyokwenda nayo.

Siku ikafika. Ocen akampeleka kwa binamu yake Oyet, mkulima upande wa Luwero, mwenye kibali cha kupunguza pongo wanaomlia maharage. Wakatundika gunia ili kwanza wazijaribu risasi. Sebit akamimina baruti, akaiviringishia gololi kitambaa, akaishindilia kwa mdeki, ule ufito wa chuma, akaweka fataki ya kuwashia baruti, akafumba macho yote mawili, akafyatua. Moshi ulipoondoka, gunia lilikuwa zima na papai la Oyet lilikuwa chini. Akatia yenye ncha. Hiyo ikalipata gunia, ikaacha mpasuko mrefu wa kulala, maana ilifika imelala ubavu.

"Afande, ipi imeshinda?" akauliza Sebit.

Ocen akasema papai ndilo limeshindwa, mengine hayajui.

Jua likiinama, pongo akatoka kichakani. Dume zuri, mgongo una michirizi myeupe, akaingia kwenye maharage kama aliyealikwa. Baruti ilikwisha kuingia mtutuni. Ilibaki risasi tu. Sebit alikuwa na gololi mkono wa kulia na ya ncha mkono wa kushoto. Akainua ya kulia, akamkumbuka sheikh, akaishusha. Akainua ya kushoto, akamwona babu ukutani, akaishusha. Akamkumbuka Abdul-Latif, akainua tena. Akalikumbuka papai. Ocen alikuwa akimfinya kiuno kwa nguvu za polisi. Pongo akala mstari wake mpaka mwisho, akamtazama Sebit kama anayemuaga, akaondoka bila haraka.

Njiani kurudi, walipofika Namuwongo, Sebit akamwambia Ocen atangulie, naye akaingia kwa wauza mbuzi. Akanunua dume nene, mchinjaji akalichinja kwa Bismillah. Halimah alipoletewa nyama akaitazama, akamtazama mumewe, akaongeza bizari na vitunguu saumu mara mbili, akafunika sufuria.

Siku ya harusi sinia zikatoka na gurusa za moto, mikate myembamba ya Kinubi, na wazee wakatangaziwa kuwa hii ndiyo nyama ya mtutu. Mjomba wa bwana harusi akaonja, akasema pori halijifichi, hata majani aliyokula mnyama anayasikia ulimini. Mwingine akasema ulaini huu ni wa risasi ya mviringo, inaua kwa upole. Abdul-Latif akasema samahani, baba mdogo, huu ni usafi wa ncha. Ubishi ukapanda, mkeka ukagawanyika mara mbili, mpaka sheikh akaosha mkono na kuurudisha mapajani. Yeye hali, akasema, mpaka ajue ni risasi gani. Waliomwona wakaacha. Mikono yote ya upande wa wakwe ikakaa juu ya mapaja. Ndani, Nabilah akafunua pazia kidogo akaiona mikono ile, na Sebit akajua kuwa ameiona.

"Sebit," akasema sheikh, "mbele ya wazee hawa. Ilikuwa ya mviringo au ya ncha?"

Sebit akakitazama kipande cha nyama kilichokuwa mkononi mwake.

"Ni mbuzi, Sheikh. Kuleni, inapoa."