Anayenawa Kwanza

Nimelala katika hoteli nyingi za mipakani, na miaka hii nimeona vile vipande vidogo vya sabuni vikitoweka bafuni. Mahali pake kuna chupa iliyofungwa ukutani: unabonyeza, unaoga, unamwachia anayefuata. Tunduma mageuzi hayo yalimwangukia Yunisi, mhudumu wa vyumba katika gesti moja karibu na maegesho ya malori.

Madereva hawakuzitaka chupa. Kipande kilichofungwa kwenye karatasi unakifungua mwenyewe. Chupa imeshashikwa na watu usiowajua. Hezron, dereva anayelala hapo kila akisubiri kuvuka kwenda Zambia, alikataa kwa neno la Kibemba aliloliokota njiani.

"Awe, dada! Siigusi. Nitajuaje mmenichanganyia nini humo? Niamke nimemsahau mke wangu?"

"Mkeo mwenyewe ameshakusahau, kaka Hezron," Yunisi alimjibu. Akabonyeza chupa, akanawa mikono na uso mbele yake.

Hakuwa amepanga. Kwao Itumba, kwenye vilima vya Ileje, mwenye nyumba hunywa funda la kwanza la pombe ya ulezi kabla ya kumpa mgeni. Asipokunywa, mgeni hagusi, wala hakuna wa kumlaumu. Hezron, naye mzaliwa wa Ileje, alielewa, akacheka, akaingia kuoga. Tangu hapo Yunisi alinawa katika kila chumba alichomfungulia mgeni, na madereva wakawa wanauliza mapokezi: yule dada anayenawa yupo?

Kisha Ipyana, mwenye gesti, akaanza kujaza chupa sabuni ya kufulia iliyozimuliwa kwa maji. Yunisi alimkuta na dumu.

"Bosi, hii inawasha."

"Povu si lipo? Wewe nawa tu. Wakikuona wanaridhika."

Hilo ndilo lililomkosesha raha. Kuwashwa angevumilia; mikono ni yake. Lakini wale watu walikuwa wakioga kwa kuuamini uso wake. Na akikataa, kazi itaondoka, na kwa mjane wa makamo kama yeye kazi nyingine mjini hapa ni kuuza nyanya juani.

Jioni hiyo Hezron akafika. Yunisi alifungua chumba, akasimama kando ya sinki, mikono ameikunja.

"Leo mbona hunawi?"

Ipyana alikuwa mlangoni. "Yunisi! Mgeni anakusubiri."

Yunisi hakuigusa chupa. Hezron aliitazama chupa, akamtazama yeye, akaokota begi lake. "Basi, mzee Ipyana, mimi leo nalala kwa jirani."

"Umenifukuzia mteja!" Ipyana alifoka hatua za Hezron zilipokwisha kwenye ngazi.

"Sijasema neno, bosi."

"Ndiyo kosa lenyewe!"

Akamfukuza palepale. Madereva waliendelea kuuliza mapokezi, wakiambiwa hayupo wanageuza, hadi Ipyana mwenyewe akaenda kumwita kwenye chumba alichopanga. Yunisi alirudi kwa sharti moja: sabuni ajaze yeye. Sasa chupa zina kufuli dogo, na ufunguo anao yeye peke yake.

Nilipokutana naye nilimwambia ameshinda. Alikuwa akiinusa sabuni mpya kabla ya kuimimina.

"Nimeshinda nini? Zamani mgeni akiwashwa alikuwa anaigombeza gesti," alisema. "Sasa atanigombeza mimi."

Akajipaka kidogo shingoni, akasubiri aone.