Anawalisha Samaki Wasiokuwepo

Kumepambazuka tu, na Mama Vioo anatia chakula cha samaki kwenye tangi ambalo halina samaki.

Anakipima kwa ncha za vidole, kama mtu anayetia chumvi. Vipande vinaelea kidogo, vinalowa, vinazama kwenye changarawe. Pampu ya hewa inanguruma, viputo vinapanda. Samaki hata mmoja hayumo. Yeye anasimama pale pale mpaka kipande cha mwisho kizame, halafu anafunika tangi na kwenda kuchemsha chai.

"Waache waseme," anasema. "Mtaa mzima umeshasema. Wamechoka wao, mimi sijachoka."

Jina la Mama Vioo alipewa na majirani, na ukifika chumbani kwake huulizi kwa nini. Kuna matangi sita ya samaki wa mapambo, yamepandana mpaka karibu na dari. Moja tu lina maji. Jingine limejaa mipira ya kufyonzea maji, jingine taa, jingine pampu nzima na mbovu zimelala pamoja kama ndugu walionuniana. Kitanda kimesukumwa ukutani, na mwenyewe anakipandia upande wa miguuni, kwa magoti, na umri wake ule. Ukimwonea huruma anakukatisha.

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake."

Kazi yake ni kuhudumia matangi ya watu. Ameianza kabla binti yake hajazaliwa, na binti huyo sasa ana mimba, kwa hiyo hesabu utapiga mwenyewe. Alikuwa na wateja tisa: hoteli, saluni, ofisi ya mawakili, kliniki ya meno. Anaingia na ndoo zake mbili, anafyonza uchafu kwa mpira, anabadilisha maji, anasugua kioo, anaaga.

Halafu watu wakaanza kutundika televisheni ukutani. Televisheni haili, haifi, wala haitaki mama wa kuja na ndoo. Mmoja mmoja wakamwambia achukue tu tangi, linawajazia nafasi. Naye akachukua. Wateja wamebaki wawili.

Samaki nao aliwahamishia kwake. Umeme ukakatika siku mbili, pampu zikazima, maji yakakosa hewa. Aliwazika nyuma ya nyumba, shimo moja, na zaidi ya hapo hataki kuongea.

Sasa hili la kulisha maji matupu. Ukimuuliza, anakuonyesha kipande cha sponji nyeusi ndani ya tangi, upande mmoja kimekatwa wima kwa kisu. Anasema ndani yake mnaishi vijidudu ambavyo jicho halivioni, na ndivyo vinavyosafisha uchafu wa samaki. Bila hivyo samaki anauawa na kinyesi chake mwenyewe. Kuvikuza upya ni kazi ya wiki na wiki. Basi yeye anatia chakula, kinaoza, vijidudu vinapata riziki, vinaendelea kuishi mpaka mteja arudi.

"Sijachanganyikiwa," anasema. "Mwenzako nafuga."

Na kile kipande kilivyokatwa kina habari yake.

Mwezi uliopita matangi haya yalikuwa bado sebuleni. Binti akarudi nyumbani kusubiri kujifungua, mume wake akiwa safari ya kikazi. Chumba cha pili hakuna. Kuna sebule, na sebule ilikuwa ya matangi. Mgeni akija anakaa kiubavu, goti moja ndani, moja nje. Binti akaanza kwa upole kwamba haya mavioo yauzwe, kisha akazidisha. Mtoto atalala wapi, ndani ya tangi? Mama akamjibu kwamba hata yeye aliogeshwa kwenye beseni katikati ya matangi hayo hayo, na mapezi hakuota.

"Kazi imekufa, mama. Kubali," binti alimwambia.

"Waliokufa ni samaki. Mimi nipo."

Asubuhi moja mama akatoka na ndoo zake kwenda kwa mteja. Huku nyuma binti akamwita mwoka keki wa mtaa wa pili, aliyekuwa anatafuta vioo vya kupangia keki dukani kwake. Wakapatana. Na kwa sababu binti huyu amelelewa vizuri, hakutaka kumuuzia mtu vitu vichafu. Akamwaga maji, akaosha kila kitu. Sponji nyeusi ndiyo iliyomchefua kuliko vyote. Akailoweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akaisugua, akaianika kambani kando ya shuka. Ilitakata kama imetoka dukani.

Mama aliporudi, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa kamba.

Binti anasema mama hakupiga kelele, na hapo ndipo alipoogopa. Aliiondoa sponji kambani, akainusa, akaikamua ingawa ilishakauka. Akaingia ndani, akamkuta mwoka keki amekumbatia tangi kubwa kuliko yote, lile la kliniki ya meno.

"Shikamoo, Mama Vioo. Tumeshaelewana na binti yako."

"Marahaba, mwanangu. Sasa elewana na mimi. Liweke chini, hilo lina kazi."

Mwoka keki, kwa adabu tu, akauliza ni kazi gani hiyo ya tangi lisilo na maji. Mama akapindua ndoo mlangoni, akaikalia, akakunja mikono. Njia ya kutokea ikawa imekwisha. Wakatazamana hivyo mpaka mikono ya mwoka keki ikasalimu amri, akalishusha.

Ndipo mama akainuka, akavuta tangi dogo la chini kabisa, lenye ufa pembeni. "Hili chukua. Halishiki maji. Keki haivuji."

Mwoka keki akacheka, akalipa, akaondoka nalo.

Binti akalia. Alidhani amesaidia. Mama akamfuta uso kwa khanga, akamwambia machozi hayalishi sponji, avae viatu waende kwa fundi viatu wa kona.

Fundi huyu ndiye mtani mkubwa wa mama. Ndiye aliyeanzisha kumuuliza kila asubuhi kama samaki wake wamelalamikia mapishi. Zamani mama alimzawadia tangi dogo na samaki mmoja mwekundu, anayeishi kati ya visigino na makopo ya rangi. Anaitwa Bosi, kwa kuwa hafanyi kazi na anakula kwa wakati. Mama akasema anataka nusu ya sponji ya Bosi, yenye vijidudu hai, maana vyake vimeuawa na dawa.

"Kumbe leo umekuja kuomba," fundi akasema. "Na wale wako wasioonekana?"

"Wameonekana. Wameanikwa kwenye kamba."

Fundi akaacha kucheka. Akaitoa sponji ikichuruzika, akaiweka juu ya ubao wake wa kazi, akaikata katikati kwa kisu cha soli. Binti akaibeba ile nusu ndani ya kopo la maji ya humo humo, mikono miwili, juu ya tumbo lake, hatua kwa hatua, asimwage.

Siku hiyo hiyo matangi yakahamia chumbani kwa mama, sebule ikawa ya binti.

Na kuuza? Hauzi tena hata moja. Anakodisha. Alikwenda mwenyewe kliniki ya meno, ambako televisheni ipo lakini vilio vya watoto vinasikika barabarani, akamwambia muuguzi wa mapokezi kwamba tangi litarudi na samaki watarudi, watalipa kila mwezi, ila tangi ni lake. Wakichoka nalo wamwite, wasilitoe nje kama takataka. Muuguzi amekubali wajaribu, sponji ikishakomaa.

"Nimeanza na mlango wa mwisho kunifungia," anasema. "Nitairudia yote, kinyumenyume."

Kesho yake, mama akiwa bado anatafuta ndoo, binti ndiye anayefunua tangi. Anapima kwa ncha za vidole. Jirani anachungulia dirishani na kuuliza kama leo wamekula.

Binti hageuki. "Wanakula," anasema. "Usiwasumbue."