Siku Niliyoambiwa Nisimame Watu Wanione

Mama yangu alikuwa Mluguru wa Kinole. Baba yangu alikuwa Mwarabu aliyezaliwa hukohuko, mtoto wa mwenye duka la vitambaa na chumvi. Kwa Waluguru ukoo hupita kwa mama, kwa hiyo kule mlimani mimi ni mtu wa ukoo wa mama yangu na sijawahi kuulizwa lolote. Mjini ni habari nyingine. Nina pua ya baba na nywele za baba, na Mafiga, hapa Morogoro mjini, ambako nimeshona nguo zaidi ya miaka ishirini, wateja wananiita Mama Mwarabu. Hawaniiti kwa ubaya. Nilishazoea kuitika.

Kibanda nilikikodi pamoja na fundi mwenzangu, mwanamke aliyetoka Kigoma na mumewe wakati mume alipopata kazi kiwandani. Tulishona tukitazamana, tukala mchana sahani moja. Mume wangu alipofariki, ni yeye aliyehamia kwangu wiki mbili akinipikia uji na kunilazimisha kuunywa. Mwanangu wa pekee anaishi Mwanza. Hapa mjini, ukiniuliza ndugu yangu nani, ningemtaja yeye.

Mwaka ule wa uchaguzi mwenzangu alikuwa na cheo kidogo katika chama chake pale kata. Mimi sikuwa na chama, ila kazi nilikuwa nayo: tulishona sare za kampeni mpaka vidole vikaota sugu. Ndipo mgombea wao wa urais, akiwa kwenye mkutano mkoa mwingine, akamsema mpinzani wake ambaye bibi yake alikuwa Mhindi.

"Nchi hii ina wenyewe," alisema. "Waliokuja na masanduku ya biashara wasubiri nyuma."

Kabla ya jioni video ilikuwa kwenye simu za watu wote. Upande wa pili wakasema huo ni ubaguzi wa rangi. Upande wake wakajibu kwamba alikuwa anawasema matajiri, na kwamba anayeleta habari za rangi ndiye mbaguzi mwenyewe.

Tuliitazama pamoja kwenye simu ya mwenzangu. Alicheka pale walipocheka wale watu wa mkutanoni, halafu akakumbuka kwamba nipo.

"Hakukusudia watu kama wewe, shoga."

"Watu kama mimi ni akina nani?"

"Aa, usianze." Akainama kutafuta bobini ya uzi ambayo ilikuwa palepale mezani.

Baada ya siku chache akaja kibandani na mwenyekiti wa chama chake pale kata. Mgombea alikuwa anakuja Morogoro, wakanitaka nikae mstari wa mbele pamoja na akina mama. Nikasema mimi si mwanachama.

"Ni kukaa tu, dada," alisema mwenyekiti. "Kukaa hakuna kadi."

Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa ananiomba kwa macho, na nikakumbuka zile wiki mbili za uji. Nikakubali.

Siku ya mkutano jua lilikuwa kali na uwanja umejaa. Nilivaa gauni nililolishona mwenyewe, nikakaa nilipoonyeshwa. Mgombea alizungumzia barabara, mbolea, bei ya miwa. Mara akashuka jukwaani na kipaza sauti, akatembea taratibu kuelekea kwetu, wapiga picha wakimfuata.

"Wanasema sisi ni wabaguzi," alisema. "Mama, hebu simama. Simama watu wakuone."

Nilidhani anamwambia mwingine. Jirani yangu wa kulia akanigusa begani. Nikasimama.

"Huyu ni Mwarabu! Damu ya Kiarabu kabisa, na yuko na sisi. Sasa tungekuwa wabaguzi, huyu angekaa hapa?"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Nilitaka kusema kwamba mama yangu amezikwa Kinole, kwamba nina shamba la ukoo kule, kwamba sikuja na sanduku. Nikanyoosha mkono kuomba kipaza sauti. Yeye akadhani nampa mkono. Akaushika, akaunyanyua juu pamoja na wa kwake, na makofi yakazidi. Nilitabasamu. Mpaka leo kinachoniuma zaidi ni kwamba nilitabasamu.

Kesho yake binamu yangu wa upande wa baba alinipigia kutoka Turiani. "Umenyanyuliwa kama kombe la mpira," alisema, akakata simu. Mteja mmoja wa upande wa pili alikuja kuchukua kitenge chake ambacho nilikuwa sijakikata hata kidogo. Alikichukua kwa adabu zote. Wa chama nao walinisifu kwa sauti kubwa mno, kama unavyomsifu mtoto aliyemaliza chakula.

Mwenzangu alishona siku mbili bila kuinua macho. Ya tatu nikamuuliza, "Ulijua atanisimamisha?"

"Niliambiwa watakutambulisha."

"Kunitambulisha kama nani?"

"Kama ulivyo." Akasimamisha cherehani. "Shoga, mimi nimeitwa Mrundi tangu nishuke kwenye treni hapa. Umewahi kunisikia nikilia? Nilimeza. Na wewe meza."

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia. Nami sikuwahi kuuliza. Wiki iliyofuata alihamisha mashine yake karibu na ofisi ya chama, akasema kule wateja ni wengi.

Nilipanda Kinole, nikidhani nikifika kule nitapumua. Mjomba alikuwa uani anageuza pilipili manga juani. Nilimwamkia, akaitika, akaniambia nimepungua. Nilipomweleza habari ya mkutano alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kanga walikupa?"

"Walinipa."

"Basi." Akacheka, akarudi kwenye pilipili zake.

Hakuwa na ubaya. Kwake mimi ni mtoto wa dada yake, na habari imeishia hapo, kwa hiyo hakuona ninachokilalamikia. Nililala siku tatu kwenye chumba cha mama na sikupata wa kumweleza. Nikateremka mjini, nikapiga kura yangu, nikarudi nyumbani. Mgombea yule hakushinda. Sare zake sasa watu wanazivaa shambani.

Miezi ilipita kabla mwenzangu hajaja tena. Binti yake alikuwa anaolewa, akataka nimshonee yeye gauni la mama wa bibi harusi.

"Na wewe je, huna mashine?" nilimuuliza.

"Siwezi kujipima mgongo."

Nikachukua futi. Nikiwa nyuma yake, bila kuuona uso wake, akaanza kusimulia jinsi alivyotolewa kwenye foleni ya kujiandikisha kupiga kura, mwaka wake wa kwanza hapa, akaambiwa alete mzee wa kuthibitisha kwamba ni Mtanzania. Alisimama nje mpaka jioni na mtoto mgongoni. Huyo mtoto ndiye anayeolewa.

"Nilipaswa kukuuliza kwanza," alisema mwishoni. "Kabla ya kukupeleka."

"Ndiyo," nilisema.

Nikaandika vipimo vyake. Nilitaka kumwambia akae tunywe chai, na maji yalikuwa yameshachemka, lakini nikainama kukunja futi. Alisubiri kidogo mlangoni akifunga mtandio wake, kisha akaenda.