Mawe Meupe ya Mkubwa

Mwezi uliopita wanangu walinitoa nyumbani Kyebando wakanipeleka harusini, kwenye bustani ya kukodisha nje ya Kampala. Niliposhuka tu nikapajua. Hapa palikuwa shamba la Mkubwa wa nchi, alipokuja kupumzika akichoka na mji na siasa. Mimi nimekulia hapa, ndugu yangu. Sikumwambia mtu.

Baba alikuwa askari wa lango. Tulitoka kaskazini tukapewa chumba cha mabati nyuma ya jiko kubwa. Asubuhi tulichota maji na kufagia uwanja, ng'ombe wa Mkubwa wakilia kutaka kukamuliwa. Mwenyewe alikuja mara chache. Akija, jiko lilinukia samli na nyama ya kuchoma, na sisi watoto tulifungiwa ndani tusikohoe.

Ardhi ile ilikuwa migomba ya watu. Wakahamishwa, seng'enge ikapigwa. Bibi mmoja wa Kiganda, tulimwita jajja, alihamia ng'ambo ya barabara, lakini kaburi la mtoto wake, lililozungushiwa mawe, likabaki ndani. Yeye alikatazwa kuingia. Mimi mtoto wa askari naingia na kutoka. Basi kila Jumamosi alinipitishia kwenye seng'enge kabalagala za moto, zile za ndizi na unga wa muhogo, ili nimpalilie kaburi.

"We mtoto ya askari, umetoa majani?"

"Nimetoa, jajja."

"Na mawe iko?"

"Iko yote."

Mwanzoni ilikuwa kweli. Halafu sajenti akatangaza Mkubwa anakuja na wageni. Jeshini, mkubwa akija, mawe ya kando ya njia lazima yapakwe chokaa. Watoto tukatumwa kutafuta mawe. Mimi sikwenda mbali. Yale ya kaburi yalikuwa ya mviringo, yanalingana, nikayabeba yote kwa karai. Sajenti akanisifu mbele ya wenzangu: "Huyu msichana ana macho, nyinyi wengine mna matundu." Wiki ile ile wakapasawazisha pale, wakapanda nyasi za kuwekea viti vya wageni.

Jumamosi jajja akauliza. Nikajibu iko yote. Nikala kabalagala zangu, na nikazila hivyo karibu mwaka mzima.

Serikali ikaanguka. Mkubwa akakimbia, baba akavua sare, mama akafunga mizigo. Lango likabaki wazi. Jajja akaingia, jembe begani, amevaa gomesi ya kanisani. Migomba yote ilikuwa imekatwa, hakupatambua tena.

"Haya, nionyeshe mtoto yangu."

Ningesema. Mdomo ulikuwa wangu. Nikanyoosha kidole tu, kwenye majani marefu chini ya mfenesi uliokuwa karibu. Akapiga magoti akaanza kung'oa majani, akimsemesha mtoto wake kwa Kiganda, polepole. Mama akaniita, tukaondoka.

Siku hiyo ya harusi niliona kaburi la saruji chini ya mfenesi. Nikamuuliza kijana wa kupanga viti ni la nani.

"La jajja mmoja wa hapa. Aliomba azikwe karibu na mtoto wake."

Seng'enge haipo, ng'ombe hawapo, nyumba ya Mkubwa inauza bia. Nilitembea kwenye zile nyasi nikitafuta palipokuwa kaburi la mtoto yule, watu wakicheza muziki. Aliyejua ni mimi peke yangu, na mimi nimesahau ni wapi.