Kazi ya Kukaa

Kiti kibovu hakilii pale unapokikalia. Kinalia baadaye, ukiwa umeshatulia, umeegemea, umesahau kabisa kwamba uko juu ya mbao. Ni mlio mdogo, kama wa mtu anayetafuna karanga chumba cha pili, na mimi niliujua vizuri kuliko nilivyojua hesabu za kugawanya. Tuliishi Keko, nyuma ya banda la baba, pale ambapo vitanda na makabati hupangwa kandokando ya barabara yakisubiri wateja na vumbi, na vumbi ndilo linalotangulia kufika. Harufu ya vanishi ilituingia mpaka kwenye wali. Baba alikuwa fundi seremala aliyekuja kutoka Njombe akiwa kijana, mfupi, mwenye mabega mapana na maneno machache, na alikuwa na utaratibu mmoja ambao sikuuona kwa fundi mwingine yeyote pale mtaani. Kiti chake hakikutoka bandani mpaka kwanza kikaliwe.

Aliyevikalia ni mimi. Nilikuwa darasa la sita, mtoto wa pekee wa baba na mama, na nikishatoka shule na kula, baba alinionyesha kiti kipya kwa kidevu, nami nikakaa na madaftari yangu mpaka jua lipoe. Jumamosi nilikaa kutwa. Sikuruhusiwa kubembea wala kuinukainuka. Yeye aliendelea kupiga randa, lakini nilijua sikio moja liko kwangu, kwa sababu ilitokea mara kwa mara akasimamisha mkono katikati ya ubao, akaja, akapiga magoti na kugusa kiungo kimoja cha kiti bila kuniuliza chochote. Nilimwuliza siku moja kwa nini hatosheki kukigonga tu kama wenzake. "Kukaa chini, kila kiti kinakubali," akasema. "Mtu anajitupa, kiti kinamdaka, imeisha. Kazi ya kiti inaanza akishakaa." Shabani, fundi aliyefanya naye kazi, kijana wa Temeke asiyejua kunyamaza, alikuwa haachi kututania. "Mkaguzi Mkuu kashafika?" aliuliza kila aliponiona na begi la shule. "Basi jamani tunyooke, serikali imekaa."

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa, siku ile Mzee Akbar alipokuja kuagiza viti vinane vya nyumbani kwake. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kule mjini, Mshia ambaye wazee wake walitoka India zamani na yeye mwenyewe akazaliwa hapahapa Dar, mteja wa baba wa miaka mingi. Nilimpa shikamoo, akaipokea, kisha akaona nina machozi juu ya daftari. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametupa picha tueleze watu waliomo: mzee juu ya benchi, mama mwenye gauni, mtoto kitandani. Mimi nilifikiri kwa lugha yangu kwamba mzee amekaa, mama amevaa gauni, mtoto amelala, nikaandika hivyo hivyo kwa Kiingereza, kama mambo yaliyokwisha, na kalamu nyekundu ikapita juu ya kila kitu. Kwa Kiingereza, alisema mwalimu, mzee yule anakaa, mama anavaa, mtoto analala. Nilijitahidi kuielewa picha upya na sikuweza. Nilimwona mzee akining'inia hewani bila kulifikia benchi, na yule mama akihangaika na gauni shingoni siku zote za maisha yake.

Mzee Akbar alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia lugha yao ya nyumbani iko kama yetu, mtu akishakaa wanasema ameshakaa, mambo yamekwisha. Baba naye, bila kuinua macho, akasema Kibena cha kwao ni hivyohivyo. "Basi Mwingereza peke yake ndiye hatulii," akasema Mzee Akbar. "Hata kukaa kwake ni shughuli!" Baba akatabasamu, jambo ambalo halikutokea kila siku. Akaniambia niandike anavyotaka mwalimu, nipate vema zangu, nikirudi bandani niendelee kukaa kama kawaida.

Viti vile vinane vilikuwa vimeanza tu kupata miguu wakati masika ilipoingia, na ilikuwa katikati ya masika hiyo mashine ya kupigia randa ilipomkata baba vidole viwili vya mkono wa kulia. Sikuona ilivyotokea. Niliona khanga ya mama iliyolowa damu, na watu wengi wakikimbia kwa miguu mizito ya matope, kisha siku tatu nyumba bila baba. Aliporudi mkono ulikuwa na bandeji kubwa nyeupe, na daktari alikuwa amemwambia asahau nyundo kwa muda ambao hakuna aliyeutaja. Majirani walikuja kutoa pole. Shabani akasema, "Braza, we pumzika, ishu zote nacheki mie," na kwa kweli alizicheki, maana alikuwa na roho nzuri kuliko mdomo wake.

Halafu siku moja mama mmoja alipita barabarani akamwuliza mama yangu hali ya mgonjwa. Mama, akiwa na ndoo mkononi na haraka zake, akajibu kama yeyote angejibu. "Hajambo dada. Yupo tu, amekaa."

Baba alikuwa ndani, kwenye kochi, nami nilikuwa karibu yake. Nilimwona akilisikia neno lile. Alikuwa mtu ambaye tangu nimjue alitajwa kwa anachofanya: anaranda, anakata, anapiga msasa, anapeleka mzigo. Hata Jumapili alipotoka kanisani watu walimwuliza anatengeneza nini. Akainuka taratibu kutoka kwenye lile kochi, akaenda kusimama dirishani, na kwa zaidi ya mwezi mmoja hakukaa tena.

Naandika hivi nikijua inavyosikika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikunywa chai amesimama. Alikula ugali amesimama, sahani juu ya kabati, kwa mkono wa kushoto ambao haukuwa umezoea kumega. Wageni walipokuja alisimama mlangoni kana kwamba anatoka, na walipoondoka aliendelea kusimama. Kitandani alilala, maana huko hata yeye hakuwa na ujanja, ila alfajiri tulimkuta ameshasimama. Miguu ilimvimba mpaka kandambili zikawa hazimwingii. Mama alimbembeleza, akanuna, akalia, akambembeleza tena, na yeye alijibu kwamba hajachoka. Nilikuwa na hofu ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia. Niliamini kwamba baba akisimama hivyo muda mrefu atatuacha, atatoka tu mlangoni pale alipo na kwenda zake, kwa sababu mtu aliyesimama ni mtu ambaye hajaamua kubaki.

Katika siku hizo Shabani alivimalizia viti vinane vya Mzee Akbar. Alivipaka vanishi, vikang'aa, na mchana mmoja vikapakiwa kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, vikaenda. Hakuna aliyevikalia. Nilijua. Nilirudi kutoka shule nikaviona vimepangwa bandani, hakuna wa kunionyesha kwa kidevu, nikaweka begi chini na kwenda kuruka kamba na wenzangu. Nilijiambia kwamba sijatumwa. Ukweli ni kwamba sikutaka baba anione nimekaa wakati yeye amesimama, na ukweli mwingine ni kwamba kamba ilikuwa tamu.

Wiki chache baadaye kirikuu ilirudi. Mzee Akbar alishuka, akamsaidia dereva kuteremsha kiti kimoja, akakisimamisha mbele ya banda. Akaeleza, bila kugomba, kwamba mama yake mzazi alikikalia asubuhi nzima akisikiliza mawaidha na wageni wake, na alipotaka kuinuka kiti kikaegemea upande mmoja pamoja naye. Bahati nzuri watu walimdaka. Kisha akauliza swali moja tu. "Hiki, nani alikikalia?"

Shabani akaangalia msumeno. "Hakuna, mzee," nikasema. "Ilikuwa zamu yangu. Nilienda kucheza."

Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba, mkono umefungwa kifuani. Sijui alikuwa pale tangu lini. Mzee Akbar akampa pole ya mkono, akamwuliza maumivu, akamwuliza usingizi. Baba akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, mie kwa sasa siwezi kukutengenezea. Mkono huu hapa, unauona."

"Wa kutengeneza si huyu hapa, Shabani? Ana mikono yote," akasema Mzee Akbar. "Mie nimekuletea wewe ukikalie. Keko nzima hii, fundi, nani mwingine anajua kukalia kiti?"

Hakuna aliyecheka, hata Shabani. Baba alikitazama kile kiti, na nilitazama miguu yake iliyovimba nikaomba kwa nguvu zangu zote. Akavuka mtaro wa maji. Akashika mgongo wa kiti kwa mkono wa kushoto. Akakaa. Aliegemea, akafumba macho, na akatulia namna ambayo sijapata kuona mtu mwingine akitulia, huku sisi wanne tumesimama kumzunguka tukiogopa hata kukohoa. Dakika zilipita. Maji yalichuruzika kwenye bati. Kisha karanga ile moja ikatafunwa, na baba akainua kidole.

"Mguu wa nyuma, kushoto," akasema. "Gundi haikushika. Unyevunyevu. Shabani, lete nyundo."

Alikaa mpaka jioni. Kesho yake vile saba vingine vikaletwa, akavikalia kimoja baada ya kingine, akisikiliza na kuelekeza, na Shabani akifungua viungo na kufunga huku akinung'unika kwamba sasa mkaguzi amekuwa mkubwa zaidi. Mchana mama alimletea ugali palepale kitini. Alipoona ameupakata na anakula, mama akageukia ukuta na kujifuta macho kwa pindo la khanga, akarudi ndani. Kidogokidogo mkono ule ulijifunza tena kushika msasa, kisha patasi, ingawa haukuwa tena ule wa zamani. Lakini kukalia viti hakuniachia tena. Hata mafundi wa mabanda ya jirani, walipokwisha kututania vya kutosha, walianza kuleta vyao.

Leo naishi Kinondoni, na kazi yangu ni kuwafundisha wageni Kiswahili. Wanakuja watu wazima kabisa, wenye elimu zao, na wiki ya kwanza wananiambia kwamba mume anakaa, mtoto analala, bibi anavaa miwani. Nawasahihisha polepole, maana nakumbuka machozi yangu. Zamani nilidhani tofauti ile ni ya darasani tu. Mmoja aliniuliza juzi ni kwa nini tunazungumza kana kwamba mtu akishakaa jambo limekwisha, na nilijikuta nimesimama mbele ya ubao na chaki mkononi, namwona baba akivuka mtaro.

Yeye na mama wamehamia Tabata. Amezeeka, kifua kinamsumbua, na banda la Keko ni la Shabani. Mwaka jana nilimwomba msamaha kwa ile kamba niliyokwenda kuruka. Akanitazama kwa mshangao. "Wewe ulikuwa mtoto, mwanangu," akasema. "Mie baba yako ndiye niliyekuwa nimesimama." Kiti kilichorudishwa na Mzee Akbar ndicho anachokalia, kwani mzee yule hakukubali kukichukua tena, alisema kimeshapata mwenyewe. Kila jioni napiga simu. Mama akichelewa kupokea, napiga tena na tena, maana najua siku moja jibu litakuwa lingine. Akipokea, namwuliza kabla hata ya salamu, baba je? Naye, akiwa na sufuria zake na haraka zake zilezile, ananijibu, "Yupo, amekaa," na mimi nami natafuta kiti.